Mpwa Aliyetafiti Msiba wa Mjomba Wake

Siku Afrizon alipomwomba mama yake mzazi ruhusa ya kumhoji, Bi Asnidar alikuwa jikoni anakuna nazi, akadhani mwanawe anaumwa. Akaiacha mbuzi ya nazi, akajifuta mikono, akaenda kumgusa paji la uso. Homa haikuwepo. Kijana alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu mjini Padang na begi la nguo, begi la vitabu, na kinasa sauti kidogo kama kibiriti. Badala ya kuja kuchuchumaa jikoni na kudokoa sufuriani kama desturi yake, alikuwa amekaa ukumbini upande wa madirisha, pale wanapokaa wakwe na wageni.

"Ruhusa ya nini?" mama akauliza.

"Ya kukuuliza maswali, Amak. Habari za ukoo wetu. Chuoni wanataka kwanza mtoa habari aridhie."

"Mtoa habari ndiye nani?"

"Ndiye wewe."

Bi Asnidar akarudi kwenye nazi yake. Alisema bila kugeuka kwamba mtoa habari huyo ndiye aliyemzaa, tena kwa taabu, na kama kuna habari nyingine anayoitaka aje aipate huku akikamua tui. Afrizon hakwenda. Aliandika kwamba mtoa habari alionyesha kusita.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa kijijini kwetu Batu Lambiak kama watoto wengine, mtoto wa kiume pekee wa nyumba ya chini, nyuma ya dada yake Yarlis. Baba yake alifariki mapema, na hata angekuwa hai mambo yasingebadilika sana, kwa kuwa kwetu nyumba ni ya mama, majaruba ya mpunga ni ya mama, na mtu huhesabiwa ukoo wa kikeni. Mwanamume wa kumwangalia mtoto ni mjomba wake. Mjomba wa Afrizon alikuwa Datuak Majo Kayo, Mungu amrehemu, mkuu wa ukoo wetu kama cheo cha Datuak kinavyosema, mtu mrefu mwenye hasira za karibu na msamaha wa karibu, mpenda domino na sigara za karafuu, aliyeweza kukukemea njia nzima kutoka msikitini hadi nyumbani kisha akakununulia wali wa kunata mlangoni. Yeye ndiye aliyemfundisha Afrizon alifu kwa kijiti. Yeye ndiye aliyemshika mabega siku ya tohara. Na yeye ndiye aliyepanda mlimani kukwangua mdalasini ili kijana asome.

Datuak alitaka asomee sheria, au kilimo, au chochote chenye jina linalotamkika. Afrizon alipomwambia amechagua anthropolojia, mzee aliuliza hiyo ni dawa ya nini. Akaelezwa kwamba ni elimu ya kuwajua watu: wanavyooana, wanavyorithiana, wanavyozikana.

"Kumbe siku hizi umbea una chuo chake," Datuak akasema, na kesho yake akapanda mlimani.

Kilichompata Afrizon huko mjini kina jina, nalo ni Doktor Trisnadi. Huyu alikuwa mwalimu wake, mtu wa Java aliyesoma Uholanzi, mwenye sauti laini na viatu visivyokanyaga matope. Alikuwa na neno moja alilolirudia mbele ya kila kundi la wanafunzi, kwamba mtafiti ni kioo cha dirisha: kinaona upande wa pili, hakivuki. Na kwa Afrizon aliongeza neno la peke yake. Alimwambia kuwa bahati yake mbaya ni kuwa mwenyeji, na mwenyeji haoni, kama samaki asivyoyaona maji. Basi akirudi kwao arudi kama mgeni, akae kama mgeni, aulize kama mgeni, la sivyo tasnifu yake itakuwa hadithi ya bibi na mjukuu. Afrizon aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi akayabandika ukutani chumbani kwake, juu ya ratiba ya sala. Mtu mwenye mama, dada na mjomba alifundishwa, kwa fedha ya mdalasini, namna ya kutokuwa nao. Na somo hilo alilifaulu vizuri kuliko yote.

Basi akaishi kwao kama mgeni. Yarlis alipobeba sinia la chakula kichwani kuwapelekea ndugu wa marehemu baba yao mwezi wa Mfungo, Afrizon alimfuata nyuma akiuliza chakula hicho kinaashiria nini. Yarlis alimjibu kinaashiria kwamba mikono yake yeye Afrizon iko mitupu, ashike upande mmoja. Msikitini alianza kukaa nyuma ya safu ya mwisho, mgongo ukutani, akitazama watu wanavyosimama na kuinama. Imamu alimfuata baada ya salamu akamwuliza kwa upole kama ana udhuru. Akajibu kwamba yupo kazini. Imamu, mtu mpole kupita kiasi, alimwambia basi akimaliza kazi mlango haujafungwa.

Kwenye kibanda cha kahawa cha Pak Itam ndiko alikokwenda kila alasiri, maana alikuwa ameandika kwamba huko ndiko wanaume wanakojenga heshima. Ukweli ni kwamba huko ndiko wanakoivunja. Wanaume wa kwetu wakikaa kwenye kahawa hawamwachi mtu salama, na mtu asiyejua kurudisha dhihaka heri anywe kahawa yake nyumbani.

"Zon, nakuuliza kama msomi," Pak Itam alimwambia mbele ya wote, huku akichuja kahawa. "Ng'ombe akienda kusomea ung'ombe, akirudi zizini, atakula majani au atayahoji?"

"Atayaomba ridhaa kwanza," mwingine akadakia.

"Na yakikataa?"

"Atakufa njaa, lakini ana shahada."

Zamani Afrizon angewajibu kwa kitu kibaya zaidi, angemtia Pak Itam na mke wake na kahawa yake kwenye sentensi moja, na kibanda kizima kingempigia meza. Sasa alitabasamu kidogo na kuwauliza kama dhihaka za aina hiyo huelekezwa zaidi kwa vijana au kwa wazee. Wakarudi kwenye vikombe vyao. Hakuna kinachoua mzaha kama mtu anayeuandika. Siku zilivyokwenda, wanaume wakaanza kusema mambo ya hali ya hewa kila alipoingia, naye akaandika kwamba jamii hii inajali sana mvua.

Datuak aliugua mapafu mwanzoni mwa masika. Kwa mila yetu mwanamume huishi kwa mkewe, ila akiona njia inafupika hurudi nyumba ya dada yake. Basi Datuak akaja nyumba ya chini, akalazwa chumba cha kati, na Bi Asnidar akawa anampikia uji wa mchele na tangawizi ambao hakuumaliza. Adhuhuri moja, baada ya kusali akiwa ameegemea mito, alimwita Afrizon akamwambia jambo ambalo wanawake wa nyumba walikuwa wameshalikatia shauri.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Jina la Datuak Majo Kayo halifi na mtu. Huhamia kwa mpwa. Kwetu Batu Lambiak jina linaweza kuhama kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni pale pale makaburini, udongo ukiwa bado mwekundu: mkuu wa kijiji, Datuak Bandaro, huuliza ni nani anakalia jamvi la marehemu, na mpwa akiitika, limekwisha, hakuna gharama. Lakini asipoitika mtu, jina hukunjwa, na likishakunjwa hufunguliwa kwa kuchinja nyati na kulisha kijiji kizima. Nyumba ya chini haikuwa na nyati. Haikuwa hata na kamba yake. Nyumba ya juu, ambayo ni tawi lingine la ukoo huo huo, ilikuwa na Basrul, mwenye maduka ya nguo Pekanbaru, na Basrul angeweza kuchinja nyati kama wengine wanavyochinja kuku. Mwenye jina ndiye mwenye kauli juu ya majaruba ya nyumba zote mbili, na Basrul alikuwa ameshasema hadharani kwamba majaruba ya Bi Asnidar yaliyo kando ya barabara yanamfaa kwa maegesho ya malori.

"Datuak Bandaro atauliza," mzee alimwambia mpwa wake, akipumua kwa shida. "Mara ya kwanza usiitike, utaonekana mroho. Akirudia, useme, 'Mimi, mpwa wake.' Basi. Hata mjinga anaweza. Mengine utajifunza ukiwa umeshakaa, kama nilivyojifunza mimi. Mama yako hana mwingine."

Afrizon alikuwa ameinamia kile kidude chake.

"Samahani, Mjomba. Naomba urudie kuanzia pale pa Datuak Bandaro. Hakikuwa kimewaka."

Mzee alikitazama kile kinasa sauti. Mtu ambaye wakati wa uzima wake angetupa kikombe, sasa hakuwa na nguvu ya kukiinua.

"Umesikia, au umenasa?"

"Nimesikia, Mjomba."

"Basi hicho kiache kilale."

Hakuwa mtu mbaya, Afrizon, na hilo ndilo linalokera. Mtu mbaya unamwachia Mungu unalala. Huyu alimpenda mjomba wake; alimbeba mgongoni kwenda chooni, akamkanda miguu. Na alikusudia kabisa kuitika. Lakini juma lile lile alishuka mjini kumweleza mwalimu wake, kama mtu anayekwenda kuomba ruhusa ya kuoga, na Doktor Trisnadi alifurahi hata akasimama. Alisema watu wamesubiri maisha yao yote kuona urithi wa namna hiyo kwa macho, na kwamba atakuja mwenyewe. Kisha akaukunja uso. Alimkumbusha Afrizon kwamba mtu hawezi kuwa mrithi na mtafiti wa urithi. Akiitika tu, sura nzima ya tasnifu imekufa, maana atakuwa amejitafiti mwenyewe.

Afrizon alirudi kijijini na maneno hayo. Njia ya kutoka aliipata kitabuni. Alisoma kwamba mahali fulani, mpwa asipoitika makaburini, mambo huletwa nyumbani siku ya saba baada ya kisomo, na hapo huweza kuitika. Akashusha pumzi. Atarekodi kwanza, ataitika baadaye; tasnifu itapona na nyumba itapona. Hakumwuliza mama yake kama ndivyo ilivyo kwetu. Hakumwuliza imamu, wala Pak Itam, ambaye angemjibu bure na kahawa juu. Kijiji alichozaliwa alikijua kwa kusoma habari za vijiji vya wengine.

Datuak alifariki asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Yarlis akimsomea Yasini na Bi Asnidar akimshika mkono. Alitoka kwa utulivu, ulimi ukiwa na shahada, na hilo ni jambo ambalo walio hai bado wanamshukuru Mungu kwalo. Afrizon alilia. Machozi yalikuwa ya kweli, yalimlowesha shingo. Kisha wanawake walipoingia na kuanza kuomboleza, mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe.

"Zima," Yarlis akamwambia.

"Uni, dada yangu, ni kwa ajili ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nani? Wewe si upo hapa hapa? Zima."

Akakigeuza kinasa sauti upande wa pili ili taa yake nyekundu isionekane.

Makaburi ya ukoo yako kwenye mteremko nyuma ya msikiti mdogo, na mvua ya usiku ilikuwa imeufanya udongo kuwa mwekundu na mzito, unanata kwenye majembe. Maiti ilisaliwa, ikashushwa, imamu akasoma talakini kwa sauti isiyotetemeka. Wakuu wa koo walisimama upande wa kichwani na nguo zao nyeusi. Wanawake walisimama mbali, kwenye ukuta wa msikiti, na Bi Asnidar alikuwa mbele yao. Doktor Trisnadi alikuwa amefika na gari la chuo, kofia pana kichwani, na alipewa heshima ya mgeni, akasogezewa mwavuli. Mahali pa mpwa, pale miguuni pa kaburi karibu na imamu, palikuwa wazi. Watu waliokuja walipazunguka, hakuna aliyepakanyaga.

Afrizon alikuwa amepanda juu ya ukuta wa mawe pembeni, karibu na mwalimu wake, kamera machoni. Alikuwa amepachagua mapema kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri.

Datuak Bandaro, mkuu wa kijiji, alitoa salamu, akamsifu marehemu kwa maneno machache, akauliza: "Jamvi limebaki bila mkaaji. Ni nani analikalia?"

Kimya. Ndivyo inavyotakiwa, kimya cha adabu, na Afrizon alikinasa chote, pamoja na jogoo wa mbali na kikohozi cha Basrul.

Datuak Bandaro akarudia. Hapo vichwa vyote vikageuka kuelekea ule ukuta wa mawe. Imamu, wachimba kaburi, Pak Itam na kofia yake mkononi, Basrul, wanawake kule nyuma, wote wakamtazama Afrizon. Naye, jicho likiwa kwenye kamera, akaona nyuso zote zimeielekea, akaona picha inaharibika. Akawapungia mkono watazame kaburi.

Mungu atusamehe sote, lakini jambo hilo lilitokea. Mtu aliinua mkono juu ya maiti ya aliyemlea akawaelekeza waombolezaji namna ya kuomboleza.

Datuak Bandaro alifanya kitu ambacho si cha mila, alichokifanya kwa huruma tu, au kwa ajili ya Bi Asnidar. Aliuliza tena, na safari hii alimtaja.

"Afrizon. Mpwa wa marehemu. Jamvi hili ni nani analikalia?"

Kamera ikashuka. Wale waliokuwa karibu walimwona anapanua mdomo. Alimwona mama yake. Alikuwa na neno, lilikuwa limeshafika kooni, neno ambalo hata mjinga anaweza kulisema. Doktor Trisnadi, bila kumtazama, akamgusa kiwiko na kusema kwa ile sauti yake laini: "Vizuri sana. Usitikisike sasa." Na Afrizon akaikumbuka siku ya saba, akaufunga mdomo.

Datuak Bandaro akachukua kilemba cha marehemu kilichokuwa juu ya jeneza, akakikunja, akakitia kwapani. Alisema jina limekunjwa. Imamu akainua mikono kuomba dua, na watu wakaitikia amina, na mvua ndogo ikaanza. Bi Asnidar hakulia. Alikuwa ameshalia ya ndugu yake. Hii nyingine haikuwa na machozi yake. Alimwomba Yarlis ashike mkono wake kushuka mteremko, kwa sababu kulikuwa na utelezi.

Siku ya saba ilifika. Kisomo kilipokwisha na chai ikapita, Afrizon alisimama katikati ya ukumbi akiwa na shati jeusi lililopigwa pasi, akatamka kwa ufasaha kwamba yeye, mpwa wa marehemu, analikalia jamvi. Alizungumza vizuri. Alizungumza hata kwa mafumbo ya kale, ambayo vijana wengi hawayajui tena. Wazee walitazamana kama watu waliosikia mtoto akitukana bila kujua maana.

"Hiyo ni mila ya ng'ambo ya ziwa, mwanangu," Datuak Bandaro akamwambia. "Wao wana siku ya saba. Sisi hatuna."

"Lakini nimesoma kwamba..."

"Najua umesoma."

"Basi niitikie sasa, Datuak. Kuna tofauti gani? Udongo wenyewe bado mbichi."

"Ulipokuwa mwekundu tulikuuliza kwa jina," akasema Datuak Bandaro, "na mimi nimezeeka, sijawahi kumwuliza mtu kwa jina. Kaa unywe chai."

Pak Itam, aliyekuwa karibu na mlango, alisema nusu sauti kwamba kama vipi ahamie ng'ambo ya ziwa, huko wanakufa pia. Hakuna aliyecheka. Hata dhihaka ilikuwa imemhurumia, na mtu wa kwetu akifika hapo amefika chini kabisa.

Basrul alichinja nyati wake baada ya mavuno ya kahawa. Kijiji kilikula, nyumba ya chini ikala pia, kwa sababu kususia nyama ya jina ni kulaani ukoo wako mwenyewe. Tangu hapo yeye ndiye Datuak Majo Kayo, na watoto wanamwita hivyo barabarani, na kuna siku Bi Asnidar akisikia jina hilo likiitwa hugeuka kabla hajakumbuka.

Tasnifu ilipita kwa sifa. Doktor Trisnadi aliisifu mbele ya wenzake, akasema sura ya jina lililokunjwa ni kitu adimu, kwa kuwa ni mara chache mtafiti kushuhudia urithi ukishindikana. Hakuna aliyeuliza ulishindikana kwa sababu ya nani. Ndani ya tasnifu hiyo kuna mpwa, anatajwa kwa herufi moja tu, na imeandikwa kwamba kimya chake kilitokana na kudhoofika kwa mamlaka ya kimila mbele ya elimu ya kisasa. Yarlis aliisoma sentensi hiyo akitafuna kucha. Alisema kumbe ndivyo uoga unavyoitwa ukivaa joho. Afrizon akapewa kazi ya kufundisha hapo hapo chuoni, somo la ukoo wa kikeni, na wanafunzi wanasema anafundisha vizuri.

Mwaka uliofuata Datuak mpya aliita baraza kutangaza kwamba majaruba ya kando ya barabara yatawekwa rehani kwa tajiri mmoja wa malori. Yarlis alimpigia simu ndugu yake. Afrizon aliacha darasa, akapanda basi la kwanza, akafika kwenye ukumbi wa baraza akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na kabla hajavuka kizingiti akaanza kusema. Alisema ardhi ya kikeni hairehanishwi ila kwa mambo manne: maiti kukosa sanda, binti kukosa mume, nyumba kuvuja, na jina kukosa mtu wa kulisimamisha. Alisema kweli tupu. Kila mzee pale alijua ni kweli.

"Unasema kwa mdomo wa nani?" Datuak Bandaro akamwuliza.

"Mimi ni mtoto wa Asnidar."

"Mtoto wa Asnidar ana datuak wake, na huyo amekaa pale. Ukoo husema kwa mdomo mmoja, Zon. Kama ana la kusema kwa niaba ya Asnidar, atalisema."

Wote wakamtazama Basrul. Basrul alisema hana.

Afrizon alibaki amesimama. Alijaribu tena, sauti ikapanda, akataja haki, akataja marehemu, akataja hata Mungu, ambaye alikuwa hajamtaja hadharani siku nyingi. Wazee walimsubiri amalize kama watu wanavyosubiri mvua. Kisha Datuak Bandaro, bila ubaya wowote, akamwelekeza kwenye mkeka ulio nyuma ya nguzo, pale wanapokaa wanafunzi na watu wa serikali. Alimwambia pale anaweza kukaa kutazama, hakuna anayemkataza. Na Afrizon, Mungu anajua alikuwa anawaza nini, akaenda akakaa. Baraza likaendelea. Majaruba yakaenda kabla ya chai.

Bi Asnidar na Yarlis walikuwa huko huko majarubani wakikata mpunga, kwa kuwa mwenye malori alikuwa ameshawaruhusu, kabla hata ya baraza, kuvuna uliosimama. Afrizon aliwafuata kwa njia ya mfereji, viatu mkononi. Mama yake alipomwona alijinyoosha, mundu mkononi, akamwuliza walisemaje.

Akamweleza. Hakusahau kitu. Alimweleza nani alifungua na nani alifunga, Datuak Bandaro alisema nini na kwa sauti gani, Basrul alikaa upande gani, nani alitikisa kichwa na nani aliangalia chini, methali ipi ilitajwa na ilijibiwa kwa methali ipi. Yarlis alikuwa ameacha kukata. Bi Asnidar alisikiliza hadi mwisho, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali, bila kumkatiza.

"Na wewe ulisemaje?" akamwuliza.

Afrizon akatazama maji yaliyokuwa yanapita chini ya miguu yake. Akajibu kwamba alisema mengi, ila hayakuingia.

Mama yake akangoja kidogo kama kuna la zaidi. Kisha akampa Yarlis mundu, akashuka mferejini kutawadha, maana alasiri ilikuwa imeingia.